Kalamu Mbili Nyuma ya Maini

Jumatatu, 2 Februari

Nesi wa kliniki ya sukari kanipa daftari hili. Niandike nimekula nini, saa ngapi, na mashine imesoma ngapi. Basi. Hizo namba nitamwandikia kwenye karatasi nyingine akae nazo. Daftari zuri namna hii, lina mistari, jalada gumu – nitaandika mambo yangu. Na hakuna atakayesoma. Atakayesoma namvunja vidole!

Sukari leo 8.9. Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa 19. Nesi kanipigia makofi kama mtoto aliyejua kuhesabu.

Nikamwambia nataka kujua hii sindano inafanya nini. Kila Jumapili najidunga tumboni kama ng'ombe wa chanjo, si nielezwe? Akakaa, akaeleza. Chakula kikifika kwenye utumbo, utumbo haukai kimya. Unatoa homoni – wajumbe, akawaita – wanasafiri ndani ya damu. Mmoja anakwenda kwenye kongosho: sukari inakuja, toa insulini. Mwingine anapanda kichwani: mwambie huyu ameshiba, aache sasa. Mwingine analiambia tumbo lipunguze mwendo. Kwa watu kama mimi wajumbe wanatoka wachache, au wanafika na hakuna anayewasikiliza. Mtu anakula, anakula, kichwa bado kinasema leta. Hii kalamu ya sindano ni mjumbe wa kutengenezwa, anapeleka maneno yale yale.

Halafu akasema: si ulafi.

Nilitaka kulia pale pale! Tangu nina miaka kumi naitwa gunia, pipa, tenki. Si ulafi!

Na kichekesho chenyewe – miaka kumi na tisa naongoza chumba cha utumbo pale machinjioni. Nimeupasua, nimeukamua mavi, nimeugeuza ndani nje. Sikujua kumbe una maneno.

Daktari wa vidonda kautazama mguu. Ule mfupa wa ng'ombe uliopenya buti mwezi wa kumi na moja, nikatembea nao siku nzima bila kuusikia, jioni soksi imejaa damu. Kidonda kinafunga, anasema. Sukari ikitulia, mguu unabaki wangu. Ikipanda tena, ni kisu. Kasema hivyo hivyo, bila sukari kwenye maneno.

Nimepewa kalamu mbili. Stoo yao imekauka mpaka mwezi wa tano. Wanaotaka kukonda wamezimaliza madukani. Nesi akaanza: ziweke kwenye friji, lakini... Nikamkata. Nesi mwanangu, habari za baridi usinifundishe mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 4 Februari

Leo nimempiga mtu kwa utumbo.

Mchuna ngozi mmoja, mgeni, hana hata miezi miwili. Kaniona nachechemea. Eti: Jemadari – ndivyo wanavyoniita hapa – huo mguu ukikatwa utatoa kilo ngapi? Watu wakacheka. Nilikuwa nimeshika tumbo la fahali, zima, halijaoshwa, limejaa. Nikalizungusha kwa mikono miwili. Pwaa! Usoni. Limempasukia. Kaangukia mferejini, mavi puani, mavi masikioni. Ndipo watu walipocheka kweli.

Nikamwekea kisu chini ya kidevu. Nikamwambia mguu wangu una kilo kumi na nne, kichwa chako kina nne tu, tuanze na kipi?

Msimamizi kaniita ofisini. Onyo la mwisho. La mwisho lingine.

Mchana: mayai mawili, kipande cha mkate. Nikakiacha nusu! Mimi! Njaa imekaa pembeni kama mbwa aliyefungwa.

Jumapili, 8 Februari

Nimemaliza dozi ya mwisho ya kalamu ya zamani. Halafu nimepandwa na wazimu.

Nimetoka bafuni, namkuta mdogo wangu jikoni, friji wazi, boksi la kalamu zangu mkononi. Kalifungua. Kikaratasi cha maelezo kilichomo ndani kakitandaza juu ya meza.

Naandika ukweli hapa. Mdogo wangu, kila mtu anamwita Msumari, maana anakula kuliko mimi na hanenepi. Nimemlea mimi. Mama alikufa yeye ana miaka sita, mimi kumi na tisa. Sasa ana thelathini na moja, fundi cherehani, anashona magauni ya harusi pale sebuleni kwangu. Na mabibi harusi wake wote wanalia wimbo mmoja: gauni linabana. Wiki iliyopita mmoja kamuuliza mbele yangu kama anajua pa kupata kalamu. Nimesikia kwa masikio yangu!

Nasoma tu, Dada, anasema.

Unasoma nini? Nikamkamata shingo nikamgonga kichwa kwenye mlango wa friji. Mara mbili. Mayai yakaanguka yote. Hakunigusa. Hajawahi. Nikamwambia neno kalamu likitoka tena mdomoni mwako ndani ya nyumba hii, nakuchinja, na unajua najua kuchinja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hivyo hawakukosea.

Cherehani yake imenguruma mpaka jioni. Kile kikaratasi kakichukua. Akae nacho.

Jumatatu, 9 Februari

Nimezipeleka kalamu mahali ambapo mwizi hafiki. Kazini, kwenye chumba cha barafu. Si kile cha nje, cha nyama ya kuuza kesho. Kile cha ndani kabisa, ambako nyama inakuwa jiwe.

Mzee wa barafu ndiye anayekitunza, ufunguo uko shingoni mwake kama hirizi. Kanisaidia kuziweka nyuma ya maboksi ya maini. Humu hata kifo kinaganda, anasema. Kweli. Nimeona nyama ya miezi sita ikitoka humo utadhani imechinjwa jana. Nyama! Sasa dawa itashindwaje?

Nikamwapisha. Mtu yeyote akiuliza, hata mdogo wangu. Sijaona, sijasikia, akasema.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimemsalimia hata Msumari. Kaitikia bila kuinua uso.

Jumapili, 15 Februari

Jana nimetoa kalamu moja. Dawa ndani ngumu kama mfupa. Nimeiweka kifuani ndani ya sidiria njia nzima, ikayeyuka kabla sijafika. Leo nimejidunga. Maji safi, hayana rangi. Kesho nairudisha kwenye barafu, isilale hapa usiku wa tatu.

Sukari 9.3.

Jumatano, 18 Februari

Njaa.

Mkate mzima. Mayai sita. Sahani yangu, halafu sahani ya Msumari, kaondoka kujaza maji nikaimaliza. Karudi, kaitazama sahani, kanitazama mimi. Angesema neno ningemrushia hiyo sahani.

Jumapili, 22 Februari

Dozi ya pili ya kalamu mpya. Sukari 14.2. Nimepima mara tatu, nikaigonga mashine mezani, nikapima tena. 14.4.

Kidonda kilikuwa kimekauka. Leo kina unyevunyevu.

Si kwamba nataka kula. Chakula ndicho kinanivuta kwa nywele! Nasimama kutoka mezani, miguu inarudi yenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa mtu. Nilikula, nikatosheka, nikafikiria mambo mengine. Nilikuwa nimesahau kuna mambo mengine. Sasa usiku na mchana ni kichwa kimoja kinachopiga kelele, leta, leta, leta. Mjumbe yuko wapi? Kauawa njiani?

Kazini nimepasua utumbo vibaya, mavi yamemwagikia nyama ya watu. Sijafanya kosa hilo tangu nianze kazi. Nikauchukua ule utumbo nikaukatakata vipande vipande, mezani, kwa hasira, mpaka wenzangu wakasogea nyuma. Nilikuwa naukata wa kwangu.

Jumatano, 25 Februari

Nimempata!

Mzee wa barafu kaniita pembeni. Mdogo wangu kafika machinjioni leo saa nne, mimi nikiwa ndani naosha. Kauliza: Dada ameweka nini humu? Mzee kasema hana habari. Kaomba aingie atazame kidogo tu. Mzee kamfukuza.

Nikamuuliza, mlango ulikuwa umefungwa muda wote? Mzee akaanza kukuna shingo. Nikamshika koti. Akakiri. Alikwenda kunywa chai, robo saa, ufunguo kauacha mlangoni. Siku gani? Eti siku nyingi tu, anakwenda kila siku.

Kila siku! Nikamtikisa mpaka kofia ikaanguka. Akasema Jemadari, hasira hasara. Nikamwambia hasara nimeshaipata, bado hasira.

Sasa naelewa. Amenyonya dawa, akajaza maji. Mabibi harusi wake wanakonda kwa dawa yangu, mimi najidunga maji ya bomba. Ndiyo maana haina rangi! Ndiyo maana njaa imerudi! Sukari 16.8. Kidonda kina harufu. Naifahamu harufu ile, nyama inaponiambia nitupe.

Nilimbeba mgongoni. Nilimtafunia nyama akiwa hana meno ya mbele.

Jumapili, 1 Machi

Nimempiga. Mwandiko umekwenda upogo.

Asubuhi sukari 19.6. Nikajidunga hivyo hivyo, dozi ya tatu, nikakaa jikoni nanoa visu nikisubiri njaa inyamaze. Haikunyamaza. Nilikuwa nimekula mkate mzima na bado mate yananitoka.

Msumari katoka chumbani. Kasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mfuko wa shati. Anasema: Dada, najua hutaki nilitaje. Lakini hizo kalamu umezihifadhi wapi?

Hapo hapo! Mchana kweupe! Mwizi ananiuliza ghala liko wapi!

Chuma cha kunolea kilikuwa mkononi. Sikufikiri. Kilimpata upande wa taya na nikalisikia linavunjika. Sauti ile naijua, naisikia kila siku wanapopasua vichwa. Kaanguka. Nikampiga begani, mgongoni, sijui mara ngapi. Umenitilia maji! Unataka nikatwe mguu! Nilikuwa napiga kelele hivyo. Na yeye pale chini haniinulii hata mkono, damu inamtoka kama bomba, anajaribu kusema na mdomo umekwenda upande. Akatoa karatasi mfukoni, akaninyooshea. Nikamkanyaga mkono. Kwa buti. Kwa uzito wangu wote.

Jirani ndiye aliyevunja komeo. Mwanamume mzima, na aliponiona akasita. Nikaweka chuma chini mwenyewe. Kambeba Msumari kwenye gari lake. Hakunitukana. Kasema tu, huyu si mdogo wako?

Ni mdogo wangu. Ndiyo maana.

Nina furaha? Nilidhani nitakuwa na furaha. Nimekula sufuria nzima ya wali nikiwa nimesimama, damu bado iko sakafuni.

Jumatatu, 2 Machi

Nimeosha sakafu. Damu ya mtu haitoki kama ya ng'ombe, au ni macho yangu.

Chini ya meza nimeokota jino. Lake. La nyuma. Sikujua la kufanya nalo. Kutupa nikashindwa. Nikalifunga kwenye kile kikaratasi alichokuwa ananinyooshea, kimelowa, maandishi madogo kama chawa, sikusoma. Nikalitia kwenye kopo lake la vifungo.

Gauni la harusi liko juu ya cherehani, mkono mmoja tu umeshonwa. Nyumba kimya. Nimesimama mbele ya lile gauni nimelitukana.

Mguu umevimba mpaka kifundo. Buti haliingii. Nimelipasua kwa kisu, likaingia.

Jumatano, 4 Machi

Naandika nikiwa nimelala. Hospitali.

Nilianguka kazini, katikati ya matumbo. Yule mchuna ngozi niliyempiga kwa utumbo ndiye aliyenibeba. Peke yake! Sijui nguvu kazitoa wapi. Njiani ananiambia usife, Jemadari, bado sijalipiza. Nikacheka, nikatapika.

Sukari 27.

Nesi wangu wa kliniki kaja wodini. Kashtuka, kakasirika, kashika kiuno. Ulikuwa 8.9, umefanya nini? Nikamwambia yote. Ndugu mwizi, maji ndani ya kalamu, nimeshamtia adabu. Nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza.

Hizo kalamu umezihifadhi wapi?

Maneno yale yale. Hakuna hata moja lililopungua.

Nikamwambia. Chumba cha ndani. Nyuma ya maini. Kila wiki natoa, nayeyusha, narudisha.

Akakaa kitandani, karibu aikalie miguu yangu, hakujua. Akasema baridi ya friji, ndiyo. Barafu, hapana. Dawa hii ikiganda imekufa. Hata ukiiyeyusha, haifai tena, ni sawa na maji tu. Imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Ilikuwa inakuja kwenye ulimi wangu siku ile, akasema, ukanikata.

Nikamwambia rudia. Akarudia.

Maji niliyatia mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Jirani kaniletea nguo. Nilimwomba aniletee na kopo la vifungo. Kalileta bila kuuliza.

Nimefungua karatasi. Jino limegandia kwenye damu, nikalibandua kwa ukucha. Mstari mmoja umepigwa chini kwa penseli, mara tatu, karibu karatasi itoboke. Na pembeni, kwa herufi zake kubwa za kuandikia vipimo vya wateja:

DADA ISIGANDE. UKIWA NA HASIRA NITAKUONYESHA TU HII.

Wiki tatu alitembea nayo mfukoni. Anangoja nitulie.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu kaja na meno.

Ijumaa, 6 Machi

Saa nane mchana wananipeleka chumba cha upasuaji. Si kidole, si kisigino. Chini ya goti. Daktari kachora mstari kwa wino wa bluu. Kauchora vizuri, katikati ya maungo, hata mimi ningekata hapo hapo.

Wanataka ndugu atie saini. Nikasema sina ndugu. Nesi akasema unaye, yuko wodi ya wanaume, ghorofa ya chini.

Nikamkataza asimwite. Hakunisikia.

Sasa hivi saa nane kasoro. Msumari kaingia. Kachechemea mpaka hapa kitandani, pajama la hospitali linamning'inia. Taya limefungwa kwa waya, meno yote yamefungwa pamoja, anakunywa uji kwa mrija. Nesi kamweka kiti. Uso wake una rangi ya ini. Sikuweza kutazama kwa muda mrefu. Nilitazama mkono. Wa kulia, wa kukatia kitambaa. Vidole viwili vimenyooshwa kwenye kibao, bandeji juu.

Kaichukua ile fomu. Kaisoma yote, kila mstari, polepole, kama anavyosoma kila kitu. Katia saini kwa mkono wa kushoto. Imekwenda upogo kama yangu ya Jumapili.

Nikasema mdogo wangu. Nikasema nisamehe. Nililia kwa sauti, mgonjwa wa jirani akageuka ukutani. Yeye akatikisa kichwa. Sikujua anakataa kunisamehe au ananikataza kulia. Na hawezi kusema. Sauti inatoka kooni, mm, mm, inagonga waya inarudi.

Akaonyesha kwa mkono wa kushoto: anataka kuandika. Ana jambo. Peni ya fomu bado anayo. Nesi kajipapasa mifukoni, hana karatasi, kasema anakwenda kutafuta, kaitwa wodi nyingine, hajarudi.

Msumari kalinyooshea kidole daftari hili.

Nikamwambia subiri, namalizia mstari. Najifanya bado naandika. Humu ndani nimemwita mwizi. Humu ndani kuna chuma, kuna buti, kuna mimi nakula wali. Nikichana ukurasa mmoja nimpe ataona wa pili yake, na si mjinga. Na ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika atakayesoma nitamvunja vidole.

Viwili tayari.

Watu wa machela wako mlangoni. Kawapungia mkono wangoje. Kawageuzia mgongo, kaunyoosha ule wa kushoto tena, kiganja juu, na nampa daftari lote.